Posho yetu ilipimwa juu ya lori linalotembea, Ainabkoi enzi za settlers

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee, natype pole pole, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Enzi za settlers, wale wazungu wenye mashamba, nilikuwa kibarua kwenye shamba la ngano huko Ainabkoi. Kila Jumamosi tulipewa posho, yaani unga wa mahindi wa wiki nzima.

Sasa sikieni upuzi.

Lori la shamba lilikuwa na starter iliyokufa. Likizima, mpaka lisukumwe. Na baada ya kazi ya kutwa, nani alitaka kusukuma lori?

Basi dereva hakusimama. Alitambaa nyumba hadi nyumba, nyapara wetu akiwa nyuma anapima unga kwa mizani ya springi iliyoning'inia kwenye chuma cha juu ya lori. Wewe unakimbia kando ukingoja gunia lako lirushwe!

Nyumba yangu ilikuwa pale barabara inaponyooka. Hapo ndipo dereva alikanyaga mafuta.

Wale wa physics mnajua kilichofuata. Gari likichomoka, gunia linabaki nyuma, linaning'inia upande, na springi inavutika kuliko uzito wa unga wenyewe. Halafu linaanza kudunda, juu chini, juu chini. Nyapara anasoma mshale ukiwa chini kabisa, pale uzito unapoonekana mkubwa. "Imetosha!"

Imetosha nini?

Bibi yangu Nekesa alikuwa amejifungua juzi tu. Unga uliisha kabla ya wiki kuisha. Akilala njaa, maziwa yanapungua, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Niliogopa tutamzika.

Nilibishana na nyapara kila Jumamosi.

"Mzee, hiyo mshale inaruka!"

"Si inaruka juu pia? Mbona hiyo hulalamiki?"

Wakuu, nilichoka.

Jumamosi moja Nekesa akatoka na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya barabara. Dereva akafunga breki. Lori likazima.

"Mama, toka kwa barabara!" nyapara akafoka.

"Nangoja mshale isimame."

"Na hii gari itasukumwa na nani?"

"Na mimi."

Gunia likadunda, likapunguza kudunda, likatulia. Mshale ukapanda, ukakaa mbali juu ya alama ya posho yetu: unga ulikuwa pungufu. Nyapara akaongeza unga bila kutuangalia.

Nekesa akanipa mtoto, akaenda nyuma ya lori akaweka bega. Serious! Kuona hivyo, wanaume wote wakatoka nyumbani mbio kwa aibu, wakasukuma mpaka likawaka.

Tangu hapo lori lilisimama kila mlango, na kila mlango tulisukuma.

Muda wote huo napiga kelele juu ya springi, kumbe dawa ilikuwa jasho kidogo! Mpaka leo inaniudhi.

Funzo langu: usikubali kupimiwa kitu kikiwa bado kinaruka. Simamisha gari, hata kama wewe ndiye utakayelisukuma.

Nani mwingine alipunjwa namna hii? Semeni hapo chini, ila formula msiniletee. Formula haikujaza sufuria yetu.