Ng'ombe wa Ukutani

Fundi Brashi hakuchora kitu asichokiona. Kinyozi akitaka picha ya kichwa, sharti amkalishe mtu kitini. Mshona viatu alete kiatu chenyewe. "Tangazo likidanganya," husema, "mteja haji mara ya pili." Basi ukaidi huo, jamani, nusura umvunjie nyumba.

Kaka wa mkewe alifungua bucha, akamtaka amchoree ng'ombe ukutani.

"Yupi?"

"Yeyote, shemeji. Miguu minne, utakosea wapi?"

Brashi akaingia uani, akamkuta mmoja amefungwa, anangoja kisu cha kesho. Akamchora vilevile: mwekundu, baka jeupe begani, sikio moja limechanika, kiwele kimejaa.

Rangi haijakauka, akapita Mama Maziwa, jirani yao, ambaye ng'ombe wake wa pekee alikuwa ameibwa juzi. Akaitazama picha. Akaweka ndoo chini taratibu, akageuka kwenda kuwaita wanawe na mzee wa mtaa.

Shemeji akatoka mbio, jasho linamtiririka.

"Fundi, ziba hilo baka. Na sikio. Sasa hivi."

"Ulimtoa wapi?"

"Nilimnunua kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Alikuwa na haraka, sikumuuliza." Akasogea karibu. "Unaishi na dada yangu, usisahau. Ukinizamisha leo, kesho atakupikia nani?"

Brashi akachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Akainyanyua. Kutoka kwenye kona zikasikika sauti za watu, nyingi, zinakuja. Tone likadondoka kwenye kiatu chake.

"Nikilifuta hapa," akasema, "begani kwa ng'ombe atalifuta nani? Fungua lango mwenyewe, shemeji. Wakikukuta umelifungua, watakusikiliza. Wakilivunja, hawatakusikiliza."

Shemeji alimtazama kwa chuki ambayo sitaisimulia. Kisha akafungua.

Mama Maziwa alipita katikati ya watu bila kumsalimu yeyote, akamshika ng'ombe wake lile sikio. Shemeji akamweleza mzee wa mtaa yote, hata yale ya aibu. Vijana walitaka kumpiga, mzee akawazuia.

Maelezo yalipokwisha, shemeji akanong'ona, "Sasa ifute, fundi. Nani atanunua nyama chini ya picha hii?"

"Usiifute," akasema Mama Maziwa, kamba mkononi. "Aliyemuuzia huyu akipita hapa, nataka ajue tumemwona."

Brashi akamgeukia shemeji yake, akangoja.

"Iache," akasema yule, akainamisha uso.