Lenzi Isiyopenda Miguu

Marehemu mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kuchunguza. Akinunua kitunguu atakigeuza mpaka mwuzaji achoke, na nina hakika hata mimi alinichunguza kabla ya posa, ingawa wazee wake waliapa kwamba hajapata kuniona. Kwa hiyo mwenye duka mmoja wa Uhindini alipomwazima lenzi mbili za kamera, azijaribu, achague moja na nyingine airudishe Ijumaa, nilijua kwamba nyumbani kwetu hakutakalika kwa raha mpaka Ijumaa hiyo.

Lenzi zenyewe zilikuwa pacha. Shaba ile ile, uzito ule ule mkononi. Moja ya Kijerumani, nyingine ya Kiingereza. Ya Kijerumani ilikuwa ndefu kidogo, kwa hiyo ilivuta vitu karibu kidogo; ya Kiingereza ilikuwa fupi kidogo, ikakusanya vitu vingi zaidi kidogo. Basi, ni hivyo tu. Hicho kidogo ndicho kilichowakalisha wanaume wawili wazima kwenye benchi la duka letu la picha, hapo Kariakoo, kutwa kucha.

Wa pili alikuwa rafiki yake, karani wa forodha. Bwana huyu alikuwa hajapata kupiga picha hata ya paka, lakini alisoma vitabu vya bei vilivyokuja na mizigo, na hapa mjini hilo lilitosha kumfanya bingwa. Alikula mshahara wa Mwingereza na kumsifu Mjerumani kwa sauti ya chini. Wakapigana picha za uso na kifua, wao kwa wao, kisha wakakaa na kioo cha kukuzia wakitafuta ni lenzi ipi imetoa ndevu nyingi zaidi. Ya Kijerumani ilimwongezea karani unywele mmoja chini ya kidevu. Walishangilia kama watu waliopata mtoto wa kiume.

Hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi na lenzi.

Nyuma ya duka, upande wa uani, palikuwa na chumba tulichokuwa tukiwekea makanda ya tende. Nilimwomba mume wangu anipe chumba hicho niwapige picha wanawake. Wake za watu wa mtaani walikuwa wakitamani picha, lakini nani angemvulia mwanamume buibui, akae mbele yake aambiwe ageuze shingo? Mume wangu akanifundisha kazi, akasema tujaribu. Nikishindwa, tende zitarudi. Wanawake nao wakanipa sharti lao: nipige mimi, vioo vya kunasia picha niviogeshe dawa mimi, picha nizitoe kwenye karatasi mimi, na jicho la mwanamume lisipite popote katikati. Nikaapa. Kile chumba nilikipenda kuliko dhahabu zangu za harusi, maana dhahabu nilivishwa na watu, lakini chumba nilikiomba mwenyewe.

Ubaya wake ni kwamba kilikuwa kidogo. Na uani hatukuweza kutoka, kwa sababu nyumba ya ghorofa ya jirani ilikuwa na roshani, na kwenye roshani hiyo hawakukosekana vijana wanaopunga upepo hata siku isiyo na upepo.

Kabla ya Ijumaa hiyo akaja bibi harusi wa Msimbazi. Mama yake alikuwa Lamu, mgonjwa, hakuweza kusafiri kuja harusini. Tangu mwanawe akiwa mdogo alikuwa amemwahidi kwamba hina ya harusi yake atampaka yeye mwenyewe, sasa wamempaka watu wengine. Msichana alitaka picha moja tu ya kumpelekea mama, nzima, kuanzia utosi mpaka vidole vya miguu, aione hina ilivyokaa.

Nikaanza na lenzi ya mabingwa, ile ndefu ya Kijerumani. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, na bado bibi harusi aliishia kwenye vifundo vya miguu. Nikamsogeza yeye naye mpaka ukutani. Ikaingia miguu, kikatoka kichwa. Nikafunga lenzi fupi. Akaingia mzima, na nafasi ya mkeka ikabaki.

Kwenye kioo cha picha mambo hugeuka, cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi. Nilipokitoa kwenye dawa na kukiinua, hina ya miguu yake ilikuwa maua meupe, kila jani mahali pake. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Kilipokauka, nilikifunga kwa kitambaa, nikaenda mpaka kwenye pazia la dukani, nikamwambia mume wangu, "Mimi nataka hiyo fupi."

"Ushahidi?" akasema.

"Nimepiga. Imetoka nzuri."

"Nionyeshe."

"Huyo ni mke wa mtu. Unajua nimeapa."

Karani akakohoa upande wa pili wa pazia. "Shemeji, sisi hatutazami mtu. Tunatazama pembe za picha tu, kama lenzi inapoteza ukali pembeni."

"Pembeni ndiko iliko miguu yake."

"Lakini kwenye kioo uso wake si umegeuka mweusi? Hata mumewe hamtambui! Huyo kisheria si mwanamke bado, shemeji. Ni dawa na kioo."

Sijapata kusikia fatwa kama hiyo, na ilitoka forodhani. Mume wangu akaona ina mantiki. Akapenyeza mkono kwenye pazia, kiganja wazi, akasema kwa upole kabisa, "Lete, mke wangu. Bila kukiona sitanunua."

Nilikitazama kile kiganja. Nikimpa, lenzi ni yangu na chumba kinabaki changu, ila kiapo kimekwisha. Nikafungua vidole, kioo kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, na nikakisagasaga kwa kiatu ili pasibaki kipande chenye jicho wala kidole. Huku nalia, nisiseme uongo. Picha ya karatasi nilikuwa sijaitoa hata moja.

"Sasa huna ushahidi," mume wangu akasema. Ijumaa akarudisha ya Kiingereza.

Nilijifunga buibui nikaenda Msimbazi kumwambia bibi harusi. Aliitazama miguu yake, ambayo hina ilikuwa imeanza kuiaga. Kisha akaniuliza, "Hakuna aliyeona?"

"Hakuna."

Akaniandalia kahawa. Habari ile hakuiweka, aliipeleka kila penye shughuli ya wanawake, na haukupita muda mlango wangu wa uani ukajaa. Walikuja mpaka wanawake wa Upanga. Na kila mmoja alitaka picha nzima, maana hakuna mwanamke aliyenunua doti mpya ya kanga ili ikatwe pindo. Nami niliwajibu wote kwa adabu: "Bwana mwenye duka amechagua lenzi isiyopenda miguu. Kamwambie mumeo aje azungumze naye."

Wakaja. Walisimama kwenye kaunta mmoja baada ya mwingine, wanaume wenye heshima zao, wakidai miguu ya wake zao. Mume wangu alijaribu kuwaeleza habari za ukali wa ndevu, wakamtazama tu. Siku moja akaingia karani. Hakukaa kwenye benchi. Alivua kofia, akaishika kifuani, akasema kwa sauti ya mtu aliyelala njaa, "Bwana, nyumbani kwangu hakukaliki. Mwenzangu anataka miguu."

Jioni hiyo hiyo mume wangu alikwenda Uhindini, akarudi na ile lenzi fupi. Kwa wateja alisema ameamua hivyo baada ya uchunguzi wa kina. Nami nilinyamaza, maana lenzi ilikuwa mkononi mwangu.

Bibi harusi alipaka hina upya, ingawa harusi ilikwisha pita na mawifi walimcheka. Nikampiga. Nikatoa picha kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika gundi mwenyewe. Mume wangu akaichukua kuipeleka posta. Yule mchunguzi wa vitunguu aliishika kwa ncha za vidole, mbali na kifua chake, na wala hakuiinua kwenye mwanga. Mlangoni akageuka.

"Miguu imeingia?"

"Imeingia," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.