Maziwa Katika Chumba cha Pesa

Mtoto wangu alikuwa na miezi minne niliporudi kazini, na kazi iliyonisubiri ilikuwa jengo la mawe karibu na River Road, ambalo zama za mkoloni lilikuwa benki. Kampuni moja ilikuwa imelinunua na kulikarabati kwa heshima, ikaliezeka paa jipya na kuyasugua mawe mpaka yakarudia rangi yake. Sasa walitaka niwachoree ofisi ya kisasa humo ndani. Kazi tamu, ila kaidi. Tulikatazwa kutoboa ukuta hata tundu la msumari, kwa hiyo kila nilichochora kilibidi kisimame chenyewe: vioo, rafu, taa. Nyaya za kompyuta nilizipitisha chini ya sakafu. Nililipenda jengo lile kama mtu anavyompenda shangazi mkali.

Nyumbani Uthiru mtoto alibaki na mama mkwe. Nilikuwa nimeapa mtoto atanyonya mpaka afikishe mwaka, na hilo nililitaka kuliko kazi, kuliko hata usingizi. Mama mkwe hakuona sababu ya kujitesa hivyo.

"Mpe maziwa ya ng'ombe, mama mtoto," aliniambia kila asubuhi akinikabidhi chupa ya uji. "Bwana yako alikunywa hiyo tu, na si unamwona vile ni mrefu?"

Niliipokea chupa kwa adabu, kisha nikagombana na gia za gari mpaka nilipopita mtaa wa Mountain View.

Shida ilikuwa mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto nikiwa kazini. Jengo zima lilikuwa na milango miwili tu inayofungika. Mmoja ulikuwa wa choo cha mafundi, ambacho sitakieleza. Mwingine ulikuwa wa chumba cha nyuma, ambamo benki ilikuwa ikihifadhi pesa: kuta nene ajabu, na mlango mzito wa chuma ambao hatukuruhusiwa kuung'oa. Humo mlikuwa na ubaridi na utulivu. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi na pampu yangu ya mkono, huku msimamizi wa mafundi, mtu wa Kakamega mwenye sauti nene, akiwafukuza watu huko nje.

"Madam ako kwa simu na wazungu! Rudini kazi!"

Sikumtuma kusema hivyo, na sijui alijuaje ninachofanya. Nilicheka, na nilipocheka maziwa yalishuka vizuri zaidi.

Hata hivyo yalizidi kupungua. Jioni nilipompokea mtoto, alinitazama kidogo, kisha akayarudisha macho kwa cucu, nyanya yake. Sioni haya kusema kwamba niliogopa. Niliogopa maziwa yatakauka, na mtoto wangu atanizoea kama mgeni anayepitia jioni.

Na chumba kile chenyewe, wenye jengo walikitaka kiwe cha wakurugenzi kupumzikia. Viti vya ngozi, kabati la wiski, taa hafifu. Chumba cha akina mama, ambacho sheria inakidai, walikipangia stoo ya mifagio kando ya choo. Nilichora vyote viwili nilivyoagizwa. Mwenye nguvu mpishe, nilijiambia, ingawa kalamu niliishika kama niliyetaka kuivunja.

Siku ya kuonyesha michoro, mkurugenzi wa kampuni alikuja na msaidizi wake, msichana mpole aliyekuwa akiandika kila neno kwenye kompyuta aliyoishika mkononi. Nilikuwa ndiyo kwanza naeleza habari ya vioo, mara kilio kikasikika mlangoni. Mama mkwe huyo, mtoto mgongoni, uso umefura.

"Huyu amekataa kikombe, amekataa kijiko, sasa amenikataa hata mimi! Nimelipa teksi kutoka Uthiru. Shika mtoto wako."

Katika ukumbi ule wa mawe, kilio kilipanda hadi darini kikarudi maradufu. Nilimwomba mkurugenzi radhi, nikamchukua mwanangu na kuingia naye katika chumba cha mlango wa chuma. Mama mkwe akanifuata, akauvuta mlango.

Mafundi walikuwa wameacha ubao juu ya ndoo mbili. Nikaketi. Mtoto alilishika titi mara moja, akaniwekea kiganja kifuani, akatulia. Maziwa yakaja kwa nguvu mpaka upande wa pili ukalowesha blauzi. Nikalia.

"Hajanisahau," nilisema.

Mama mkwe aliketi kando yangu. Alizitazama zile kuta.

"Mimi nilikuwa nachapa barua kwa ofisi, hapa tu tao, katikati ya mji," alisema. "Wakati bwana yako alikuwa ananyonya. Hakukuwa na mahali. Nilikuwa naenda choo, nakamua kwa sinki, namwaga. Kila siku namwaga, mpaka ikaisha. Hiyo ya ng'ombe sikuipenda, mama mtoto. Ndiyo ilikuwa iko."

Nilimshika mkono. Mpaka siku hiyo tulikuwa tumeshikana mikono kwa salamu tu.

Kisha hasira ikanipanda, ile ya kunyamazia mambo mengi mno. Niliusukuma mlango kwa bega, mtoto akiendelea kunyonya chini ya leso aliyobebewa. Mkurugenzi aliyainua macho kwa adabu, akaanza kuikagua dari.

"Chumba hiki hakitakuwa cha wiski," nilimwambia. "Ni cha akina mama. Wakurugenzi watakunywa kwenye stoo ya mifagio."

Mama mkwe alikohoa kunionya. Nilijua nimeshaitupa kazi.

Lakini mkurugenzi hakufoka. Aliuliza taratibu, kama anayeulizia vipimo. "Sawa, madam. Lakini hao akina mama ni wangapi kwa hii kampuni yetu? Hakuna hata mmoja ameniambia anataka chumba."

Watu wake sikuwajua. Nilimvuta mtoto karibu zaidi kifuani.

Msaidizi wake aliacha kuandika. Akainua mkono, nusu tu.

"Mmoja," alisema. "Ni mimi. Bado miezi mitano nijifungue."

Mkurugenzi akageuka. "Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa, sir."

Mama mkwe, kule ndani, akasogea hadi mwisho wa ubao na kuipangusa vumbi nafasi iliyobaki.

"Kuja ukae, mami," akamwita.

Msichana hakusogea. Alimtazama bosi wake, kompyuta ameikumbatia kifuani. Mkurugenzi akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea ile kompyuta, akampisha apite.