Mshika Keria wa Ikolo

Jumamosi, tarehe 19 Julai 2025, Angetile Mwaijande alishika keria ya baiskeli ya Sylvester katika mashindano ya mavuno ya Ikolo, na Sylvester akashindwa. Kushindwa si ajabu. Kila mwaka wanaoshindwa ni wengi kuliko wanaoshinda. Ila safari hii Sylvester alishindwa akiwa bado mikononi mwa shabiki wake.

Mpunga ukishavunwa, waendesha baiskeli wa Ikolo hupambanishwa wawili wawili kwenye barabara iliyonyooka, kutoka njia panda ya kanisa hadi mashine ya kukoboa. Nyuma ya kila baiskeli hufungwa gunia la mpunga, na gunia hilo ni la shabiki, si la mwendeshaji. Atakayeshinda fainali, gunia lake hukobolewa papo hapo, mchele ukapikwa, na kijiji kizima kikala. Mwenye gunia hatoi hotuba. Huzunguka tu kati ya masufuria akiambiwa "ndaga fijo", na shukrani hiyo humtosha mpaka msimu mwingine.

Baiskeli yenye mzigo wa namna hiyo haisimami bila mtu. Shabiki huishika keria kwa nyuma mpaka mwendeshaji aweke miguu yote miwili kwenye pedali. Ukiiachia mapema, inalala chini. Ukichelewa, umemtia mwenzio pingu. Angetile, mama yake Marta, mkulima wa miaka hamsini na miwili, alikuwa na kanuni yake: filimbi ni ya mwendeshaji, mshikaji husikiliza gunia. Uzito ukitoka viganjani kwenda mbele, hapo ndipo unaachia.

Mwaka huu alichagua mpunga wake mapema, akaupepeta mara mbili. Sylvester, jirani yake, alikuwa amemwambia kwamba goti limekataa na huu ndio msimu wake wa mwisho. Hajawahi kushinda fainali hata mara moja. Angetile alitaka amalizie na mpunga wake, na mpunga huo uliwe.

Alipofika njia panda na gunia lake kwenye mkokoteni, alikuta kamba imefungwa kando ya barabara kuwazuia mashabiki. Kampuni ya kinywaji cha kuongeza nguvu ndiyo iliyodhamini. Picha ya mwendeshaji wao Jubilate, kijana mwembamba wa mjini, ilikuwa imebandikwa kwenye kila mti. Binti wa kampuni, Doreen, alimpokea akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo wa Sylvester huu hapa."

"Pole kwa kuubeba, ila utarudi nao. Mdhamini kaleta magunia yake."

Yalikuwa mekundu, yameandikwa jina la kinywaji pande zote. Angetile aliinua moja kwa mkono mmoja.

"Humu mna nini?"

"Pumba, Mama. Baiskeli zinakimbia zaidi, video inapendeza."

"Pumba!" mtu akapaza sauti nyuma ya kamba. "Tunapeleka pumba mashineni! Mwakani watatuletea samaki wa plastiki tukaange!"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Angetile alimgeukia Sylvester, aliyekwisha kuvaa fulana nyekundu.

"Na wewe umekubali?"

"Asiyekubali haendeshi, Mama Marta. Nishike tu."

"Nikushike kwa lipi? Hilo hata kuku analishika."

"Nataka kumalizia mikononi mwako," Sylvester alisema. "Hayo mengine niachie mimi."

Angetile akashika.

Raundi za mwanzo zilikuwa za kuonyesha tu. Wapinzani walikuwa dhaifu kiasi kwamba Sylvester alishinda hata pale alipochelewa kuachiwa. Fainali ikawa yeye na Jubilate. Kabla haijaanza, waendeshaji walisubirishwa juani huku Doreen akisifia ladha tatu za kinywaji. Jua likachoma, watu wakazomea, kipaza sauti kikawazidi.

Filimbi ikalia.

Aliyemshika Jubilate alikuwa mfanyakazi wa kampuni, asiye na mazoea yoyote mkononi. Aliisikia filimbi, akaachia. Angetile aliisikia pia, lakini viganja vyake havikuwa vimefunzwa filimbi. Vilingoja uzito uhame. Sylvester alikanyaga pedali, keria ikatetemeka, na uzito haukuhama kwa sababu haukuwapo.

"Achia! Mama Marta, achia!"

Akaachia. Sylvester alimfukuza Jubilate barabara nzima, akakosa ushindi kwa urefu wa gurudumu moja.

"Mama, ulitaka akuoe?" mmoja akamtania akiwa kwenye kamba. Angetile alikuwa akitazama viganja vyake.

Sylvester alirudi akikokota baiskeli, akichechemea kwa goti.

"Nimekuponza," Angetile alisema.

"Ulikuwa unangoja gunia."

"Ndiyo."

"Hata mimi nilikuwa nalingoja. Miguu ilikanyaga kama lipo, nikataka kuanguka."

Kwenye mashine ya kukoboa, Jubilate alipigwa picha akiwa amelikumbatia gunia la pumba. Mashine haikuwashwa; ingekoboa nini? Watu waligawiwa chupa moja moja, wakanywa wamesimama, na jua halijashuka uwanja ukawa mtupu. Akina mama waliokuja na masufuria waliyarudisha vichwani, bado safi. Kabla hajazima kipaza sauti, Doreen alitangaza kwamba mwakani baiskeli zitashikwa na vyuma maalumu, ili mshindi asipatikane kwa makosa ya washikaji.

Gunia la Angetile lilikuwa bado njia panda. Sylvester alilifunga kwenye keria yake bila kuulizwa. Angetile akashika kwa nyuma, akamngoja aweke miguu. Sylvester alipokanyaga, uzito ulitoka viganjani ukaenda mbele, na Angetile akaachia wakati uleule. Baiskeli ikaondoka imenyooka. Barabarani hapakuwa na mtu wa kuona.

Mashindano ya Julai ijayo yatafanyika mjini Kyela, kwenye uwanja wenye uzio, bila washikaji. Sylvester hatashiriki. Mpunga wa Angetile utakobolewa Jumatatu, kwa foleni, kama wa mtu mwingine yeyote.