Mpira Ulipoangukia

Tak!

Sauti kavu, fupi, kama kifuniko kinachobanduka chupani ndani ya chumba kitupu. Mbeba fimbo aliyeitwa Mwewe aliijua hata akiwa ameupa mgongo uwanja mzima wa gofu. Ni mkunga wa mji huyo, mama aliyembebea fimbo, na fimbo yake ndefu imeupata mpira pale pale panapotakiwa. Mipira ya wengine iliguna au ilipiga mluzi. Tak ile ilikuwa ya mtu mmoja tu, na Mwewe alikaa nayo kichwani miaka mingi kama mtu anavyokaa na jina la mwanawe.

Uwanja wenyewe haukuwa wa kujivunia. Mashimo tisa tu, yamebanwa kati ya kinu cha unga na ukuta wa shule, na aliyetaka kucheza kumi na nane ilimbidi azunguke mara mbili. Kiangazi nyasi ziligeuka rangi ya mkeka. Kwenye shimo la nne, mpira ukipotoka kidogo uliangukia uani kwa muuza mkaa, na muuza mkaa akiamka na kisirani siku hiyo harudishi. Lakini ndio uwanja pekee mjini, na Mwewe aliingia pale kijana, akisukuma mashine ya kukatia nyasi, kabla mtu yeyote hajamwita kwa jina hilo.

Jina alilipata alasiri moja, jua likiwa machoni pa watu wote. Mhasibu wa kinu alipiga mpira, ukapaa, ukayeyuka kwenye mwanga. Watu wakapekua majani hadi wakachoka. Yule kijana akazima mashine yake, akanyoosha kidole.

"Uko juu ya mfereji wa bati, pale nyumba ya pampu. Umeegemea upande wa kulia."

Wakaleta ngazi. Ulikuwa pale.

"Huyu si mtu," mhasibu akasema, "huyu ni mwewe." Haukupita muda akakabidhiwa mfuko wa fimbo, auweke begani.

Watu hudhani kazi ya mbeba fimbo ni mabega. Mabega hata punda anayo. Kazi ni macho. Mchezaji akishapiga, mwili wake umejikunja na kichwa kiko chini. Akija kukiinua, mpira umekwenda zamani. Anayejua ulikoangukia ni yule aliyesimama pembeni, kimya, mfuko begani. Kwa Mwewe, mipira ilikuwa haipotei. Wachezaji walimgombea, hadi siku mkunga alipojiunga na klabu, akamsikia anavyojibu watu kwa upole, akasema, "Huyu ni wangu," na ikawa hivyo.

Walikuwa kwenye shimo la tano siku mtu alipokuja mbio kumwambia Mwewe kwamba mke wake ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Mkunga alitupa fimbo palepale, wakaenda wote wawili, yeye na viatu vyake vya gofu vyenye meno chini. Mtoto wa kike alizaliwa kabla gari halijapatikana. Mwanzoni hakulia, na mkunga alimpulizia, akampigapiga, akamsemesha, hadi akalia. Binti huyo sasa ana mume na nyumba yake. Alama za viatu vile zilibaki miaka mingi kwenye sakafu ya udongo, tundu tundu, na mke wa Mwewe alikuwa akifagia kwa kuzizunguka.

Basi wakawa na desturi yao. Mkunga akishapiga, hakuhangaika kutazama mbele. Aliinama kuokota kijiti alichosimikia mpira, akauliza, "Uko wapi?"

"Upo, mama."

Hapo ndipo wanaanza kutembea. Kila mchezaji hutia alama mpira wake ili usichanganyike na wa mwenzake, na mkunga alitia wake tone la rangi nyekundu ya kucha. Lakini yeye mwenyewe hakuitazama alama ile. Akimkuta Mwewe amesimama kando ya mpira, huo ndio mpira wake.

*

Macho yalianza kuondoka polepole, kama wageni wenye adabu. Kwanza bendera ya shimo la saba ilififia. Kisha nyuso za watu waliokaa kibarazani mwa klabu. Nyumbani, mke wake alikuwa fundi cherehani, na tangu waoane ni Mwewe aliyemtungia uzi kwenye sindano, jioni, wakipiga soga. Ikafika jioni uzi ukawa unapita kando ya tundu, unapita tena, na yeye anaulowesha kwa ulimi na kulaumu uzi wa siku hizi. Siku iliyofuata Mwewe alikuta sindano zote zimeshatungwa, zimechomekwa mstari mmoja kwenye kitambaa.

"Baba watoto, nenda ukaonwe na daktari."

"Nikaonwe nini? Ni vumbi la kinu tu."

"Vumbi gani hilo linalokuchagua wewe peke yako? Mbona mimi halinitaki?"

"Wewe una bahati."

"Nina mume mbishi. Bahati iko wapi hapo?"

Alicheka, akatoka nje. Hakwenda kwa daktari. Aliona kwamba daktari akishasema, litakuwa limesemwa. Na madamu halijasemwa, bado kuna kesho ya kuamka na kuona.

Kazini masikio yakashika zamu ya macho. Mpira ukianguka kwenye nyasi fupi unadunda kama moyo wa mtu aliyelala. Kwenye mchanga unazama kwa pumzi moja. Kwenye majani marefu unachana kitu kama kitambaa. Mwewe alisikiliza, akageukia upande ule, akatembea bila haraka na viatu vyake vya raba vilivyolika soli, nyayo zikitafuta. Akiugusa mpira kwa kidole cha mguu, husimama. Katika michezo ya kawaida huwa anauokota aupanguse, na kidole gumba kinapita juu ya kile kijitone cha rangi kilichoganda. Ni wetu. "Upo, mama."

Hakuna aliyejua, ila mke wake, na hata yeye hakuwahi kuambiwa kwa mdomo.

Mwaka huo mkunga aliingia fainali ya kombe la wanawake. Alikuwa amelitafuta kombe lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kulishika. Nyonga ilikuwa inamuuma. Mwanawe aliyekuwa mji wa mbali alishaamua kwamba mama hakai tena peke yake. Makabati ya nyumba yalikuwa yameshafungwa kamba, na sebuleni palibaki kiti kimoja tu.

"Hili ndilo la mwisho, Mwewe," alimwambia. "Nikilikosa, nimelikosa moja kwa moja."

Usiku ule mke wa Mwewe alisema neno moja tu kabla ya kugeukia ukutani: "Mwambie."

Asubuhi ya fainali Mwewe alikwenda na nia ya kumwambia. Alimkuta mkunga amekaa kwenye benchi, anafunga kamba za viatu kwa shida, pumzi zinapanda na kushuka.

"Mama, kuna jambo."

"Liache kwanza. Nisaidie kamba hii." Akafungwa kamba. Akaweka mkono begani kwake ili ainuke. "Unajua, nisingekuwa na wewe, leo nisingethubutu hata kutoka nyumbani. Haya, sema. Jambo gani?"

Mwewe aliunyanyua mfuko begani. "Kumepoa leo," akasema.

*

Mpinzani alikuwa mwalimu wa hesabu, msichana mwenye heshima na mabega ya nguvu. Fimbo zake alibebewa na Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu ukimwasha hazimiki.

"Mzee wangu Mwewe, leo tunawapeleka shule!"

"Mtatupeleka na nani? Wewe shule uliiona dirishani."

"Hata dirishani nilipita kwa alama nzuri!"

Wakacheka wote, hata mwalimu. Mchezo ulikuwa wa shimo kwa shimo: anayeshinda mengi ndiye bingwa. Mkunga alichukua la kwanza, mwalimu akachukua la tatu, wakavutana hivyo mzunguko mzima na kuanza wa pili. Kulikuwa kimya, watazamaji wachache, na Mwewe alisikia kila mpira. "Uko wapi?" "Upo, mama." Kufika shimo la mwisho, walikuwa sawa kwa sawa.

Hapo habari ilikuwa imeshafika klabuni. Watu wakatoka kibarazani, wapishi wakatoka na aproni zao, hata muuza mkaa alikuja akasimama kando na mikono yake myeusi. Wakajipanga pande zote mbili za njia.

Mwalimu alipiga kwanza. Mpira wake ulikwenda vizuri, ukadunda, Mwewe akausikia umetulia mbali. Kisha mkunga akasimama. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akazungusha mwili ule uliochoka.

Tak!

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Mama yangu!" Na ndani ya makelele yale ya furaha, mpira ukaanguka mahali fulani, na Mwewe hakusikia.

"Uko wapi?" mkunga aliuliza, akiinama kuokota kijiti.

Mwewe aligeuza uso mbele. Mbele palikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe rangi za nguo za watu zikitembea.

"Upo, mama," akasema.

Alitembea. Alipima kwa akili, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kupimia. Nguvu za mkunga alizijua. Mwaka huo zilikuwa zimepungua, na Mwewe alizoea kuukuta mpira karibu zaidi kila mwezi. Nyayo zikatafuta, zikagusa mpira. Hakuweza kuupapasa, maana katika fainali mpira uliolala nyasini hauguswi mpaka upigwe. Aliwasikia Redio na mwalimu wakimpita, wakiendelea mbele, na Redio akisema, "Ule wetu kule, umevuka kila kitu." Roho yake ikatulia kidogo. Basi huu uliobaki nyuma ni wetu. Akasimama kando yake.

Mkunga alimkuta amesimama. Hakutazama chini kutafuta alama, aliitazama bendera. Akapiga. Mpira ukapaa taratibu, ukatua karibu na shimo, makofi yakaanza upya.

Kisha yakakatika, upande mmoja kwanza, halafu upande wa pili.

Mwalimu alikuwa ameinama mbele kule. Alikaa ameinama muda, kama mtu asiyetaka kuinuka. "Mama," akaita, na sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. "Huu hapa una nyekundu. Huu si wangu."

Mkunga alikuwa ameupiga mpira mbali kuliko msichana yule mwenye mabega. Pigo bora la uzee wake lilikuwa limelala pale mbele, salama, likimsubiri. Na yeye amepiga mpira wa mwenzake. Sheria ya mchezo wa shimo kwa shimo haina huruma kwenye hilo: ukipiga mpira usio wako, shimo umelipoteza. Na shimo lenyewe lilikuwa la mwisho.

Mwamuzi alianza kumuuliza Mwewe kitu. Mkunga akamkatiza.

"Kutazama mpira ni kazi ya mchezaji. Sikutazama. Kosa ni langu." Akavua kofia, akaenda kwa mwalimu akamshika mikono yote miwili. "Hongera, mwanangu. Usilie, bwana, wewe ndiye bingwa."

*

Nyuma ya klabu kuna bomba la kuoshea fimbo. Mwewe alikuwa pale, mikono majini.

"Mzee, leo ulivaa miwani ya nani?" Redio alianza, akamwona anavyosugua, akanyamaza. Alisimama kidogo, akamwekea kitambaa kikavu begani, akaondoka bila kusema neno la pili. Redio, wa kunyamaza hivyo.

Baadaye zikaja hatua anazozijua, moja nzito na moja nyepesi kwa ajili ya nyonga. Kreti likaburutwa, mtu akakaa.

"Tangu lini?" mkunga aliuliza.

"Tangu lini nini, mama?"

"Mwewe. Mimi nimewashika watu wa mji huu kabla hawajajua kulia. Tangu lini?"

Mwewe alichukua fimbo nyingine, iliyokwisha kuwa safi, akaanza kuiosha.

"Ungeniambia, tungetafuta mtu wa kutazama mpira, tukatembea watatu. Ulidhani nilikuwa natembea na macho yako tu?" Akavuta pumzi. "Kombe si kitu. Yaani, ni kitu. Nisikudanganye, nilililia bafuni sasa hivi. Lakini limepita."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Keshokutwa mwanangu anakuja na gari. Na nyonga hii, sijui kama mimi na wewe tutaonana tena. Sitaki uniage umeinamisha kichwa kama mwizi. Sina kinyongo. Inua uso, niangalie, uone mwenyewe kama nina kinyongo."

Mwewe aliinua uso, akauelekeza kule sauti ilikotoka. Kulikuwa na mwanga wa alasiri, na katikati ya mwanga kivuli kisicho na macho wala mdomo, kingeweza kuwa mtu, kingeweza kuwa nguzo. Alitafuta pale uso alioujua kwa nusu ya maisha yake. Alijua la kujibu. Jibu la kumridhisha lilikuwa tayari ulimini, jepesi, kama lilivyokuwa siku zote. Safari hii akaliacha.

Akasema, kwa sauti ambayo maji ya bomba yalikaribia kuimeza:

"Sikuoni, mama."