Wapishi wa Kambi na Jiko la Mama Paskalina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya watalii juu ya ukingo wa Kreta, lile bonde kubwa la wanyama, nilimenya vitunguu vya kutosha kuiliza Karatu yote na kubakiza machozi ya Mto wa Mbu. Baridi ilikuwa ya kugandisha moshi. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa jikoni, yaani mtu wa kulaumiwa. Mpishi Mkuu, ambaye sote tulimwita Shefu, alinikagua kucha akasema, "Kijana, mgeni hataiona sura yako. Atakujua kwa sahani."

Ninyi mnaoingia jikoni leo mna gesi na vipimajoto. Sisi tulioka mkate ndani ya sanduku la bati: makaa chini, makaa juu ya mfuniko, mkate katikati ukimwomba Mungu. Joto tulilipima kwa kunyunyiza unga kidogo ndani. Ukigeuka kahawia taratibu, weka mkate. Ukiungua papo hapo, punguza makaa. Kwa sanduku hilo nimewaokea keki wageni wa mataifa ambayo hata kwenye ramani hayapo.

Baadaye nilihamishiwa kambi za kuhama, zile za mahema yanayowafuata wanyama, chini ya Meneja mmoja mkimya kama chumvi. Kisha nikarudi Karatu kuwa mpishi wa zamu hotelini, maana yake bosi wa jikoni Shefu akiwa hayupo. Hapo ndipo nilipojiunga na masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa tayari na mvi.

Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na mshahara. Chama chetu cha wapishi kilikubaliana kupika siku nzima uwanjani, watu wanunue sahani, na mapato yote yaende kwa watoto. Ubishi ukawa: watoto wepi?

Mwenyekiti alikuwa Shefu yuleyule, amekwisha kustaafu. Alitaka tukichangie kituo kikubwa cha watoto yatima kando ya lami, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Watalii hupita pale. Jina la chama likibandikwa getini, wenzetu wanaokaa bure kambi zikifungwa kwa mvua wangeweza kuitwa kazini. Katibu wetu, dada mmoja mpika keki mzaliwa wa Mbulumbulu, akamtaja Mama Paskalina, mjane wa huko kwao anayelea watoto waliofiwa na wazazi. Upepo ulikuwa umeliangusha jiko lake. Afisa ustawi wa jamii, yule anayesimamia malezi ya watoto, alikuwa amemweleza mjane huyo kwa upole kwamba masika yakianza bila jiko la kufaa, watoto watagawanywa vituo mbalimbali, hata wa tumbo moja.

Shefu akasema mpishi hachagui mchele kwa kuusikia. Twende, na tufike saa ya kula bila taarifa.

Kando ya lami tulikuta meza safi, wali, nyama na watoto wenye adabu walioshukuru kwa pamoja. Sikuona kosa hata moja, na mimi macho yangu huiona punje ya mchanga ndani ya gunia. Ila majina ya wafadhili yalikuwa yameujaza ukuta hadi tukaanza kubishana letu litakaa wapi.

Mbulumbulu tulikuta sufuria la makande ya mahindi na maharage nje, juu ya mafiga, turubai likipigwa na upepo. Mama Paskalina akatupatia viti, akatupakulia. Shefu hajafikisha kijiko mdomoni, binti wa kama miaka saba, Neema, aliyeketi na mdogo wake Daniel, akasema kwa sauti, "Mama, maharage ya leo magumu."

Mama Paskalina hakugeuka. "Na kuni zenyewe mbichi. Nani aliziokota?"

"Daniel."

"Siyo mimi," akasema Daniel, mdomo umejaa.

Watoto wakacheka, Mama akacheka kuwazidi, akamwongezea Neema upawa mzima. Naye akaendelea kula huku akinung'unika. Kusema kweli yalikuwa magumu. Jino langu moja halijayasamehe.

Tukirudi, Shefu alichokoa meno mpaka Rhotia. Katibu akadhani watu wa kwao wamemwaibisha, akaanza kuyaombea maharage radhi. Shefu akamkatiza.

"Dada, mtoto anayethubutu kumwambia mpishi kwamba maharage magumu, huyo yuko kwao. Tukubali aondolewe kwao kwa kukosa paa la jiko?"

"Na kibao cha getini, Mwenyekiti?" nikauliza, maana mpwa wangu alikuwa miongoni mwa wasio na kazi.

"Mpwa wako aje apike mbele za watu. Atapata kazi, au atapata adabu."

Siku ya kupika uwanjani ilipofika, moshi wetu ulionekana hadi Endulen. Ng'ombe wa huko walidhani ni mawingu. Wafugaji walituletea mbuzi wao na kutukosoa namna ya kuchoma. Mpwa wangu alichukuliwa na meneja wa hoteli hata aproni hajavua.

Kwa mapato ya siku hiyo tukamjengea Mama Paskalina jiko la matofali, lenye bomba la moshi na mabenchi marefu. Masika yalianza tukipigilia bati la mwisho. Afisa alikuja na koti la mvua, akakagua, akaketi na watoto. Mvua ilinguruma juu ya bati tusisikie alichosema. Tulimwona tu akiitikia kwa kichwa na kusogeza bakuli aongezewe.

Sasa nami nimestaafu, na magoti yangu hutabiri mvua kuliko redio. Vijana wa vyama wakiniuliza wawachangie watoto gani, nawaambia: nendeni saa ya kula, mkae chini, msikilize watoto wanavyomsema mpishi. Kisha ulizeni ni kitu gani kikikosekana kitawatawanya. Hicho ndicho mkijenge.

Juzi nilipanda Mbulumbulu na gunia la viazi. Neema yuko sekondari, Daniel amempita urefu. Niliwakuta jikoni wakigombania ukoko wa wali kwa sauti za kufika Malambo. Mama Paskalina akanitazama, akitaka niamue. Nikavuta benchi, nikakaa, nikawaacha wagombane.