Yoti Iliyopakiwa Kama Kamyo

Jirani yetu wa Sake, mfanyabiashara wa Butembo mwenye kamyo mbili za kubeba mizigo barabara ya Walikale, alinunua mashua ya tanga kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa nyeupe, nyuma ilikuwa na mota ndogo, na ndani chumba kidogo cha vitanda viwili. Watu wakaiita yoti, naye hakukataa.

Safari yake ya kwanza ya kuzunguka visiwa vya ziwa letu iliishia kwa kuvutwa na mtumbwi uliobeba mbuzi, huku nusu ya soko ikitazama. Mke wake, anayeuza jibini ya Masisi katika soko hilohilo, alivumilia vicheko vya wachuuzi wenzake siku mbili. Siku ya tatu akatoa sharti: Jumamosi waende Tshegera, kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mchanga, warudi kwa upepo tu. Mota ikiwashwa hata mara moja, Jumatatu yoti inauzwa. Mimi, kwa kuwa niliwahi kuandikia redio ya mtaa na sikuachana na daftari, nikaitwa niwe shahidi.

Asubuhi niliandika vilivyopakiwa: magunia mawili ya viazi, gunia la mkaa, kreti mbili za bia, jibini kumi na mbili, sufuria kubwa na tairi ya akiba. Niliuliza tairi ni ya nini. Papa, ndivyo tunavyomwita jirani huyo, akanieleza kwa upole kwamba hajawahi kusafiri bila tairi ya akiba. Vyote alivipanga nyuma kabisa, akavifunga turubai, akapiga ishara ya msalaba, tukaondoka.

Ndani ya ghuba tulikwenda vizuri. Tulipotokea tu kwenye ziwa kubwa, upepo ukatujia usoni. Mashua ya tanga haiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Inakwenda upande huu, inageuka, inakwenda upande ule. Yetu haikugeuka. Pua ilitazama mbinguni na nyuma ilikaa majini kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Kila tulipojaribu, ilifika katikati, ikasita, ikarudi ilikotoka. Mvuvi mmoja alipita, akatuuliza kwa heshima zote kama tumepata pane, yaani tumeharibikiwa, na kama tunauzia viazi hapohapo.

Mkono wa Papa ulianza kuikaribia kamba ya mota. Mkewe aliuona. Badala ya kuutazama mkono, akautazama mzigo, akauliza kwa nini vitu vyote viko nyuma. Papa alishangaa kuulizwa. Bila uzito juu ya magurudumu ya nyuma, alisema, kamyo inazunguka tu kwenye matope. Miaka ishirini amepakia hivyo kwenda Walikale na hajalala njiani.

“Papa,” mkewe akasema, “hii haiko kamyo. Matope iko wapi?”

Papa alitazama maji, kulia na kushoto, kwa muda uliotosha mimi kuandika sentensi nzima. Kisha tukahamishia mzigo katikati, mkewe, Mama kwetu sote, akiamuru kila kitu kikae wapi, jinsi anavyopanga jibini zisipondane. Pua ikashuka. Jaribio lililofuata, yoti iligeuka.

Tshegera tulikula viazi na jibini. Papa alikula akiwa ameshika usukani, asije mtu akasema alipumzika.

Wakati wa kurudi, upepo mkali uliilaza mashua ubavu. Kabla yeyote hajasema neno tulikuwa tumeshakimbilia upande wa juu, kama tunavyofanya juu ya mzigo kamyo inapoinamia mtaro. Hapo, nakiri, barabara ya Walikale ilitufundisha vema.

Halafu, hatua kama mia kutoka ufukwe wa Sake, upepo ukafa. Tanga lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Wachuuzi wakaanza kusogea majini, wengine na viti vyao. Papa alitazama mota, akatazama watu, akafumba macho. Mimi niliandaa kalamu.

Mama alifungua sufuria, akatoa kifuniko, akainama ubavuni na kuanza kupiga kasia. Papa alimkumbusha kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema upepo tu.

“Nilikataza mota,” akajibu bila kugeuka. “Kifuniko sikusema. Na wewe kamata sahani.”

Tulifika tukiwa tumelowa mpaka mabegani, kwa kifuniko kimoja, sahani moja na ubao ninaoegemezea daftari langu. Jumatatu yoti haikuuzwa. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama ufukweni tangu alfajiri, akipakia. Tairi ya akiba ilikuwa imeachwa mchangani, na Papa ameikalia, akingoja kuitwa.